Aliyeumwa na nyoka: Vita Baridi na hofu ya ukomunisti

Mwezi uliopita, kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja sekondari, ulizuka ubishi. Mmoja alituma habari ya Marekani na China kupandishiana ushuru, akaandika chini yake: "Vita Baridi vimerudi." Mwingine akajibu kwamba havikuwa vita, watu walikuwa wakitukanana redioni tu. Wa tatu akasema Tanzania wakati ule ilikuwa nchi ya kikomunisti, muulizeni babu yeyote. Wa nne, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, akafunga mjadala: mkomunisti ni mtu asiyemwamini Mungu, basi. Ujumbe uliofuata ulikuwa wa michango ya harusi.

Sikujibu, maana jibu lisingeenea kwenye simu. Nalijaribu hapa.

Nusu ya ubishi ule ilikuwa ya maneno tu, kwa hiyo tuanze na maneno. Chukua daladala. Katika ubepari daladala ni mali ya tajiri. Dereva na konda wanashinda barabarani, jioni wanapeleka hesabu, na kinachobaki ndicho chao. Katika usoshalisti basi ni la umma: mwenye mali ni serikali au ushirika, dereva ni mwajiriwa, na faida, kama ipo, inatakiwa iwarudie wote. Ukomunisti, kama Karl Marx na Friedrich Engels walivyoutabiri katika karne ya 19, ni kituo cha mbele zaidi. Huko hakuna tajiri wala mwajiri, nauli haipo, na mwishowe hata serikali yenyewe inanyauka. Kila mtu anafanya kazi kadiri ya uwezo wake na anapata kadiri ya mahitaji yake.

Hakuna nchi iliyowahi kufika kituo hicho. Hata Warusi na wenzao hawakudai wamefika. Jina rasmi la dola lao lilikuwa Umoja wa Jamhuri za Kisoshalisti za Kisovieti. Kilichoitwa cha Kikomunisti ni chama, kwa kuwa huko ndiko kilikosema kinawapeleka watu. Kwa hiyo mtu akikwambia "nchi ya kikomunisti", mara nyingi anamaanisha nchi iliyotawaliwa na chama kimoja cha aina hiyo, chenye kushika uchumi, magazeti, mahakama na polisi kwa mkono mmoja. Na katika Umoja wa Kisovieti, enzi za mtawala wake Stalin, konda aliyelalamika kuhusu ratiba ya basi angeweza kujikuta kambini Siberia.

Na Mungu je? Mkubwa wetu hakutunga. Marx aliiona dini kama kitulizo wanachopewa wanyonge, na dola la Kisovieti lilifunga makanisa na misikiti mingi, likafundisha shuleni kwamba Mungu hayupo. Lakini hilo lilifuatana na ukomunisti, halikuwa maana yake. Wapo mabepari wasioamini kitu chochote ila bei. Nadhani tafsiri hii ilienea kwetu kwa sababu rahisi: kwa mtu wa Pwani au wa misheni, habari ya msikiti au kanisa kufungwa ilimgusa moyoni kabla hajauliza habari za nani anamiliki kiwanda.

Vita Baridi, basi, ni ushindani wa Marekani na Umoja wa Kisovieti, kila mmoja na kambi yake, kuanzia takriban mwaka 1947 hadi dola la Kisovieti lilipovunjika mwishoni mwa 1991. Viliitwa baridi kwa kuwa wakubwa hao wawili hawakuwahi kutangaziana vita. Sababu kubwa ni bomu la atomiki. Fikiria majirani wawili wanaochukiana, wanaoishi chini ya paa moja la makuti, na kila mmoja ana kibiriti mfukoni. Wanaweza kusengenyana, kunyimana chumvi na kuchochea watoto wa mtaani wapigane, lakini hakuna atakayekuwa wa kwanza kuwasha. Mara moja, Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Cuba, kibiriti kilitolewa mfukoni kabisa, na kwa siku 13 dunia ilisubiri.

Watoto wa mtaani ndio waliokufa. Korea kuanzia 1950 hadi 1953, Vietnam, Angola, Msumbiji: huko hakukuwa na baridi. Korea hata marubani wa Kisovieti waliruka kwa siri kupigana na ndege za Marekani, na pande zote mbili zikaona heri kunyamaza.

Kuhusu kutukanana redioni, ndugu yangu ana hoja kuliko anavyojua. Peking, yaani Beijing ya leo, ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, Sauti ya Amerika 1962, Ujerumani Magharibi kupitia Deutsche Welle 1963. Miaka mitatu mfululizo, idhaa tatu, lugha yetu. Hawakuwa wamekipenda Kiswahili ghafla.

Uadui wenyewe ulitoka wapi? Mwaka 1945 walikuwa washirika, wamemshinda Hitler pamoja. Lakini Wasovieti walitoka vitani wamepoteza watu wapatao milioni 27, na Wajerumani walikuwa wamewavamia kutoka magharibi kwa mara ya pili ndani ya miaka 30. Stalin akaapa kwamba upande ule hatakuwa na jirani asiyemtii. Poland, Hungary, Romania, Bulgaria, kisha Czechoslovakia mwaka 1948, zote zikaishia mikononi mwa vyama vya kikomunisti. Ukiwa Moscow uliona nchi inajijengea ua. Ukiwa Washington uliona ua huo unasogea kila mwaka. Machi 1946 Winston Churchill alisema mjini Fulton, Missouri, kwamba pazia la chuma limeshuka kuikata Ulaya katikati, na jina hilo likabaki.

Mwanadiplomasia wa Kimarekani aliyekuwa Moscow, George Kennan, alikuwa ameandika wiki chache kabla kwamba Wasovieti hawatashawishika kwa maneno matamu, ila watasimama wakikuta kizuizi. Hapo ndipo siasa ya kuzuia ilipozaliwa. Mkulima anaielewa: huwezi kuuzima moto wa nyikani ulioshika upande wa pili wa mto, lakini unaweza kufyeka ukanda mpana usivuke kuja kwako. Rais Harry Truman alianza kufyeka Machi 1947, alipoliomba Bunge dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki. Mpango wa Marshall ukafuata, takriban dola bilioni 13 za kuijenga upya Ulaya Magharibi, kwa hesabu kwamba mtu mwenye mkate na kazi haendi kumsikiliza mkomunisti. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo silaha bora Marekani iliyotumia katika ugomvi wote, na haikuua mtu.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nimeuchagua msemo huu kwa sababu watu husahau sehemu yake ya kwanza. Nyoka alikuwepo. Agosti 1949 Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza la atomiki, mapema kuliko Wamarekani wengi walivyotarajia. Oktoba Mao Zedong, kiongozi wa wakomunisti wa China, akatangaza jamhuri mpya Beijing, na taifa lenye watu wengi kuliko yote duniani likahamia upande wa pili. Februari 1950 mwanasayansi Klaus Fuchs, aliyeshiriki kutengeneza bomu la Marekani, alikamatwa Uingereza kwa kuwapa Wasovieti siri zake. Wanaosema leo kwamba hofu ile yote ilikuwa uzushi wa wanasiasa wanaruka habari ya Fuchs. Mawasiliano ya siri ya majasusi wa Kisovieti, yaliyofumbuliwa na Wamarekani na kuwekwa hadharani mwaka 1995, yanaonyesha kwamba majasusi walikuwemo serikalini na maabara.

Sasa unyasi. Mwezi uleule aliokamatwa Fuchs, Seneta Joseph McCarthy alisimama mbele ya wanawake wa chama chake mjini Wheeling, West Virginia, akadai ana orodha ya wakomunisti 205 waliomo Wizara ya Mambo ya Nje. Siku chache baadaye ikawa 57. Kisha 81. Hakuwahi kuthibitisha hata mmoja kati yao, lakini kwa miaka minne aliitikisa nchi nzima.

Hapa kuna mkanganyiko unaorudiwa sana, kwamba McCarthy ndiye aliyeianzisha hofu na ndiye aliyewawinda waigizaji wa Hollywood. Alichelewa kufika. Amri ya kuchunguza utiifu wa watumishi wa serikali ilitolewa na Truman mwenyewe Machi 1947. Waandishi na waongozaji 10 wa Hollywood walihojiwa mwaka huohuo na kamati ya Baraza la Wawakilishi, ambamo McCarthy, akiwa Seneta, hakuwamo. Yeye alikuta ngoma inachezwa, akaipiga kwa nguvu zaidi.

Swali la kamati lilikuwa moja: "Je, wewe ni mwanachama, au umewahi kuwa mwanachama, wa Chama cha Kikomunisti?" Ukikataa kujibu, una jambo unaficha. Ukikiri, thibitisha umetubu kwa kuwataja wenzako. Ukiwataja, nao wataitwa. Wasomaji wa Kigoma wanaowajua lambalamba wanavyozunguka vijijini kutafuta wachawi hawahitaji maelezo zaidi. Si lazima mtu afungwe. Inatosha asipate kazi. Walimu, mabaharia, wapiga chapa na makarani kwa maelfu walipoteza ajira, wengi kwa sababu ya mkutano waliohudhuria miaka ya 1930, wakati njaa imetanda na wakomunisti wakiwa miongoni mwa wachache waliowatetea wasio na kazi na watu weusi.

Mmoja wa walioumia anatuhusu kidogo. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi aliyejaza kumbi za dunia, alikuwa amesoma Kiswahili London miaka ya 1930. Alikuwa mpenzi wa Urusi waziwazi, na mkali wa kusema ubaguzi wa kwao. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti, akakaa miaka minane bila kuruhusiwa kuimba ng'ambo. Jasusi hakuwa. Lakini alikuwa mkaidi, tena juu ya Stalin alikosea vibaya, na siku zile tofauti kati ya kukosea na kusaliti ilikuwa imefutika.

McCarthy mwenyewe aliangushwa na televisheni. Mwaka 1954 aligeukia jeshi, na vikao vikarushwa moja kwa moja. Tarehe 9 Juni wakili wa jeshi, Joseph Welch, baada ya kumsikia akimchafua kijana asiyekuwepo, alimuuliza kama hana hata chembe ya haya. Ukumbi ukapiga makofi. Desemba Seneti ikamlaani kwa kura 67 dhidi ya 22, na baada ya hapo watu wakaacha kumsikiliza. Alifariki mwaka 1957.

Hofu haikufa naye. Ilisafiri.

Aprili 1954 Rais Dwight Eisenhower aliulizwa kuhusu Indochina, yaani Vietnam na jirani zake, akajibu kwa mfano wa dhumna. Sisi tuliokulia barazani tunaijua dhumna ya kupiga kete mezani mpaka vikombe vya kahawa viruke, lakini yeye alikuwa na maana nyingine: panga kete wima kwa mstari, angusha ya kwanza, na ya mwisho itaanguka tu. Nchi moja ikichukuliwa na wakomunisti, jirani yake atafuata, na wa pembeni yake. Mfano huu una nguvu kwa sababu unaonekana kwa macho. Ubaya wake ni kwamba kete haina historia. Haina ugomvi wake wa ardhi, haina uchaguzi ulioleta manung'uniko, haina mkoloni aliyeondoka jana. Ukiitazama nchi kama kete, swali linabaki moja tu: inaangukia wapi?

Iran, Waziri Mkuu Mohammad Mossadegh alitaifisha mafuta. Agosti 1953 akaangushwa kwa msaada wa makachero wa Marekani na Uingereza. Guatemala, Rais Jacobo Árbenz aligawa ardhi isiyolimwa, ikiwamo ya kampuni ya ndizi ya Kimarekani, akaondolewa 1954. Wote wawili hawakuwa wakomunisti.

Kisha Congo. Urani nyingi iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, kwa hiyo Washington ilikuwa ikiitazama ramani hiyo kabla ya uhuru. Juni 30, 1960 nchi ikapata uhuru, na Julai 11 Katanga ikajitenga kwa kuungwa mkono na Wabelgiji. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliomba msaada kwa Umoja wa Mataifa, akaenda Marekani mwenyewe. Alipoona haimfai akapokea ndege na malori ya Wasovieti. Alisema mara kwa mara kwamba yeye si mkomunisti, ni Mwafrika. Haikusaidia. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilipeleka sumu Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa ajili yake, jambo lililothibitishwa na uchunguzi wa Seneti ya Marekani mwaka 1975. Sumu haikutumika, Januari 17, 1961 aliuawa Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Mobutu, mkuu wa jeshi aliyetwaa nchi 1965, alipewa karibu kila alichotaka hadi Vita Baridi vilipoisha, kwa kuwa alijua neno moja la kuwaambia Wamarekani: ukomunisti.

Zanzibar ni hadithi ya karibu zaidi. Januari 12, 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, serikali ya Sultani ilipinduliwa. Magharibi mara moja wakaiita Cuba ya Afrika. Ushahidi? China, Umoja wa Kisovieti na Ujerumani Mashariki waliitambua serikali mpya haraka. Abdulrahman Babu wa Umma Party alikuwa Mmarx kweli, na vijana kadhaa wa chama chake walikuwa wamepitia Cuba. Nyoka mdogo alikuwepo, nakubali. Lakini ukimuuliza Mzanzibari wa wakati ule chanzo cha mapinduzi, angekwambia habari za ardhi, za rangi na nasaba, na za uchaguzi wa Julai 1963 ambapo chama cha Karume, Afro-Shirazi (ASP), kilipata takriban asilimia 54 ya kura na bado kikaachwa nje ya serikali. Hayo hayakuhitaji Moscow. Marekani na Uingereza zilisitasita hadi mwishoni mwa Februari ndipo zikaitambua serikali ya Karume, na katika wiki hizo Wajerumani Mashariki na Wachina walikuwa wameshaingia na mikataba. Fleti za Kikwajuni na Michenzani zimetokana na mlango huo. Muungano wa Aprili 26 ulikuwa na sababu zake nyingi, na wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani hofu ya Magharibi ilikuwa mojawapo.

Na tusijitoe. Hofu ilikuwa upande wetu pia. Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu cha kufuatilia vyombo vyao vya anga, kilichoshiriki hata safari ya John Glenn ya mwaka 1962. Wapo waliodai kuwa ni cha makombora, kilifungwa 1964. Januari 1965 wanadiplomasia wawili wa Kimarekani, mmoja wao Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, walifukuzwa nchini baada ya mazungumzo yao ya simu kunaswa na kusomwa kuwa ni njama. Wenyewe walikana. Carlucci baadaye akawa naibu mkuu wa CIA, kisha Waziri wa Ulinzi, kwa hiyo kila upande una la kusema barazani.

Basi Tanzania ilikuwa ya kikomunisti? Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, na katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 alilikataa waziwazi wazo la vita vya matabaka, ambalo ndilo moyo wa Umarx. Ujamaa aliujenga juu ya jamaa, ukoo, watu wa nyumba moja. Mabenki na viwanda vikubwa vilitaifishwa mwaka 1967, ndiyo, na chama kilikuwa kimoja. Hiyo ni aina ya usoshalisti, na unaruhusiwa kuulaumu kwa mashirika yaliyofilisika na vijiji vya kulazimishwa. Lakini jeshi lilifunzwa na Wakanada na Wachina kwa wakati mmoja. Na mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wa kijeshi kwa hasira ya kuona Ujerumani Mashariki inaruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, Nyerere aliwaambia wachukue na uliobaki. Huyo ni mtu asiyetaka kufungamana, na kwa watu waliopanga kete kwa mstari hilo lilikuwa gumu kueleweka. Kenya ilikuwa na namna yake: Tom Mboya akiwapandisha wanafunzi ndege za Marekani, Oginga Odinga akiwapeleka Mashariki, na jina la mkomunisti likitumika Nairobi kumalizana na mpinzani.

Nchi za Magharibi zilipokataa kujenga reli ya kwenda Zambia kwa hoja kwamba hailipi, China ilikubali. Kilomita 1,860, mkopo usio na riba, kazi ikaanza 1970. Wamarekani, waliokuwa wameikataa reli, wakagharimia barabara ya lami karibu sambamba nayo. Kwa miaka kadhaa kambi mbili za dunia zilikuwa zikichimba udongo wa Iringa na Mbeya bega kwa bega, kila moja ikiihofia nyingine, na sisi tukapata reli na barabara.

Sasa lile swali la kwanza kundini. Ugomvi wa leo wa Marekani na China unafanana na ule kwa kelele, lakini Wamarekani na Wasovieti walikuwa karibu hawafanyi biashara, ilhali simu iliyotumiwa kuandika "Vita Baridi vimerudi" huenda iliundwa China na inaendeshwa kwa programu ya Kimarekani. Hakuna anayeogopa tena kwamba konda atataka basi liwe la umma. Kinachogombewa ni chipu, bandari na madini. Septemba 2024 Beijing yalisainiwa makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ileile ya Zambia, Rais Samia na Rais Hichilema wakiwapo. Desemba hiyohiyo Joe Biden alikuwa Angola, kwenye reli ya Lobito ambayo Marekani inaipa fedha ili ibebe mizigo kwenda upande wa Atlantiki. Reli mbili tena, kutoka ukanda uleule wa Zambia na Katanga, na mzigo ni uleule: shaba.